YAH: KASI YA INTANETI YA KUPAKIA KUKWAMA KWENYE 4.8 ILHALI TUNALIPIA 50

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Malalamiko haya mmeyafunga mara tatu, kwa tiketi tatu, kwa hiyo naanza na vipimo. Kompyuta imechomekwa kwenye modemu kwa waya wa Cat 6, Waifai imezimwa, kamera zimechomolewa. Saa 11 alfajiri: kupakua (kupokea) 48.7, kupakia (kutuma) 4.8. Saa 7 mchana: 49.1 na 4.8. Saa 3 usiku: 47.9 na 4.8. Zote ni megabiti kwa sekunde. Kompyuta inasoma muunganiko wa 1000, si 100 ambayo waya mbovu hushukia, kwa hiyo naomba habari ya waya mbovu tusiirudie.

Itazameni hiyo 4.8. Laini ikizidiwa na watu, kasi hushuka jioni majirani wakirudi, alfajiri ikapanda. Waya wa faiba ukikunjwa, au kile kiunganishi cha kijani kikiingia vumbi, namba huyumba na mwisho taa ya LOS, ya kupotea kwa mwanga, huwaka nyekundu. Hapa hakuna kinachoyumba. Nguvu ya mwanga unaoingia kwenye modemu ni -18.6 dBm, na modemu hizi za faiba za GPON hupokea vizuri hata mwanga ukififia hadi -27. Namba isiyotikisika usiku na mchana ni kikomo kilichoandikwa kwenye mfumo wenu. Kifurushi chetu cha zamani kilikuwa 20 kwa 5. Mlipotuhamishia 50 kwa 50 tarehe 1 Machi, profaili ya kupakua, yaani kikomo cha kasi kwenye mfumo, ilibadilishwa, ya kupakia ikaachwa ilivyokuwa. Hiyo ni kazi ya dakika tano kwa mtu aliyekaa ofisini, haihitaji ngazi wala fundi.

Fundi mkamleta, tarehe 22 Aprili. Alisimama sebuleni, akaunganisha simu yake kwenye Waifai ya 2.4, akapima, akasoma namba ya kupakua peke yake. Nilipomwonyesha ya kupakia akasema: "Bosi, kupakia unakutakia nini? Si intaneti ipo?" Hajatoka mlangoni, ujumbe ukaingia: "Ndugu mteja, tatizo lako limetatuliwa."

Tunakutakia nini? Kamera mbili za nyumba hii zinakula megabiti 2 kila moja kupeleka picha. Inabaki 0.8, na hapo mtu ana kikao cha video. Faili ya gigabaiti 2, ambayo kwa 50 ingetoka kwa dakika tano na ushee, inachukua dakika 55, tena kamera zikiwa zimezimwa. Na njia ya kupakia ikijaa, hata kupakua kunakwama, maana vipande vinavyoshuka vinadai majibu madogo ya kuthibitisha kwamba vimefika, na majibu hayo yanakaa foleni. Ndiyo maana kurasa zinagoma kufunguka kwenye laini yenye 48.

Wiki mbili kabla ya fundi, mhudumu wenu wa simu alikuwa ameniambia nizime modemu, nihesabu hadi thelathini, niwashe. Nilifanya. 4.8.

"Bosi, kupakia unakutakia nini?" Kipima mwanga kilikuwa kwenye mfuko wa pembeni wa begi lake, kinaonekana, hakukigusa. Modemu hakuigeuza hata kusoma kibandiko cha chini. Alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu pale kizingitini wakati simu yangu inalia na ujumbe wenu wa "limetatuliwa", na nilipomwonyesha, alisema mfumo ndio unaofunga. Mfumo ni wenu, Ndugu Meneja.

Kwa heshima, naomba profaili ya kupakia irekebishwe leo. Naomba pia tofauti ya bei tangu tarehe 1 Machi irudishwe, tena kwa fedha. Bando la zawadi sitalipokea. Tiketi zote tatu zifunguliwe na iandikwe ndani yake kwamba hakuna lililotatuliwa. Na fundi yule asitumwe tena hapa.

Nawapa siku saba. Zikipita, vipimo hivi pamoja na picha za ukurasa wa modemu vinakwenda TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Nakala yao nimeshaichapa, imebaki kutiwa kwenye bahasha. Kifurushi cha mwezi ujao hakitalipiwa, na modemu yenu mtaifuata wenyewe.

Mteja wenu,
Mbezi Beach, Dar es Salaam