VAT ya umeme wa shule iondolewe kwenye mita

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mhasibu wa sekondari moja ya bweni ya dini hapa Morogoro. Kila nikinunua umeme wa shule, risiti ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, naiweka kwenye faili. Ya Ijumaa iliyopita ilikuwa ya shilingi 100,000: kodi ya ongezeko la thamani (VAT) 14,754, tozo ya Wakala wa Nishati Vijijini (REA) 2,459, na ya mdhibiti wa nishati na maji (EWURA) 820. Umeme wenyewe ukabaki wa shilingi 81,967, yaani uniti 280 na ushee. Kwa taa za prepo, pampu ya kisima na mashine ya kusaga, hazikufika Jumatano.

REA na EWURA sina neno nazo. Ile asilimia 3 ya REA ndiyo iliyofikisha nguzo kijijini kwetu. Inayoniuma ni VAT. Kiwanda kilichosajiliwa kikinunua umeme, hudai VAT yake ikarudi. Shule haina mlango huo, kwa kuwa elimu ni huduma iliyosamehewa VAT: mzazi hatozwi juu ya ada, lakini nasi hatuwezi kudai tuliyokwisha kulipa. Basi tunaipachika kwenye ada kimyakimya, mzazi analipa bila kuiona.

Nikisema haya, wapo wanaosikia padri au shehe anaomba pesa. Nawaelewa. Tangu makubaliano ya mwaka 1992 kati ya Serikali na makanisa kuhusu huduma za jamii, Waislamu wengi wamelalamika kwamba mizani imelala upande mmoja. Kwa upande mwingine, hapa hapa mjini kwetu Chuo Kikuu cha Waislamu kiko kwenye majengo yaliyokuwa chuo cha shirika la umeme, TANESCO, yaliyotolewa na Serikali ya Rais Mkapa. Mambo haya yakifanywa moja moja, kila upande unabaki na daftari lake la madai. Ndiyo maana nataka nafuu ipitie kwenye mita, isipitie kwenye dhehebu. Seminari, shule ya Kiislamu na shule ya kata: ikishasajiliwa kuwa shule, umeme wake usitozwe VAT.

Hazina watauliza pengo lizibwe na nini, na wana haki ya kuuliza. Bwawa la umeme la Julius Nyerere peke yake limekula zaidi ya shilingi trilioni 6. Lakini megawati zake 2,115 zinatusaidia nini ikiwa Serikali hiyo hiyo imezitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa? Sufuria la maharage ya wanafunzi 300, kwa umeme wa shilingi 356 kwa uniti ukijumlisha kodi na tozo! Nilipiga hesabu hiyo mara mbili, nikairudisha kalamu mfukoni.

Waanze na shule za bweni tu, kwa mwaka mmoja, kisha wabunge waonyeshwe kilichopungua kabla ya bajeti ya Juni. Wakihitaji risiti za mfano, faili langu limejaa.

Mhasibu wa shule,
Morogoro