Mwanangu, damu ya Idi haimrithi Mzee Sudi

Mwanangu Rehema,

Rasimu yako nimeisoma mara mbili. Kwamba karani Idi ni mtoto wa siri wa marehemu Mzee Sudi, hilo ndilo moyo wa hadithi, usilitoe. Ila ushahidi wake unavuja.

Mauaji umeyaweka Tanga, 1979, kisha inspekta anapeleka DNA maabara. Kipimo hicho kilitumika kwanza 1985 huko Uingereza, kwenye kesi ya uhamiaji, kuthibitisha kuwa mvulana aliyetoka Ghana ni mtoto wa mama yake. Kesi za mauaji zilifuata baadaye. Inspekta wako ana makundi ya damu tu.

Nayo umeyatumia kinyume. Sudi ni O, Idi ni O, basi "huyu mwanawe"? Hapana, mwanangu. Watu wa O wamejaa mitaani. Kundi la damu halithibitishi baba, linamkanusha. Mpe AB yule mvuvi aliyemlea Idi. Mwenye AB humrithisha mtoto A au B, hana O ya kutoa. Idi mwenye O si damu yake, ukiacha hali za nadra mno. Mama mpe A. Anaweza kubeba O iliyojificha. Kadi ya hospitali ya mvuvi itokee sura ya 2, ndani ya mkebe wa ndoana, imeganda chumvi pembeni, msomaji aipite. Baba halisi amtaje mkunga.

Kinachonisumbua zaidi ni sababu ya kuua. Idi anaua ili arithi, lakini atarithi nini? Alizaliwa mama yake akiwa mke wa mvuvi. Kwa fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, mtoto ni wa kitanda: nasaba yake ni ya mvuvi, hata damu iseme vingine. Tena muuaji hamrithi aliyemuua.

Njia iliyobaki ni wasia. Asiye mrithi anaweza kuusiwa hadi theluthi ya mali. Sasa tazama nani anaumia: watoto wa ndoa, ambao fungu lao linapungua. Sudi afe usiku wa kuamkia siku ya kuita mashahidi wa wasia huo. Polisi wamkamate Idi kwa sababu ya siri yake, ilhali kifo hicho kimemnyima kila kitu. Aliyeiona karatasi ya wasia mezani ni binti mkubwa, alipopeleka kahawa. Hiyo kahawa tayari umeiandika, sura ya 4.

Anza na sura ya 9. Ikiwa tayari nitumie, hata usiku.

Mamako