Somo, Novemba naandika

Kigamboni,
Dar es Salaam

Somo yangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Watoto wazima, baba yao mzima, na mimi mzima wa mwili, ingawa ukimwuliza mume wangu habari za akili yangu atakujibu vingine. Dhumuni la barua hii, kama tulivyofundishwa shuleni, ni kukujulisha kwamba Novemba naingia tena kwenye ule mchezo wa kuandika riwaya kwa siku 30. Nina ombi pia, ila hilo nimeliweka mwisho makusudi, usome yote.

Najua unacheka. Mwaka jana niliishia siku ya tisa, nikakuambia kazi za dukani zilinizidi. Nisamehe somo, nilikudanganya. Kila alfajiri nilikuwa narudi kuipiga pasi sura ya kwanza, mpaka ikanyooka kama kanzu ya Idi, na sura ya tatu haijazaliwa.

Safari hii nimeanza na hesabu. Mchezo wenyewe ulianza Marekani mwaka 1999, bwana mmoja Chris Baty na wenzake, jumla watu 21, pande za San Francisco. Waliandika mwezi wa Julai, mwaka uliofuata wakahamia Novemba kwa sababu kwao hali ya hewa huwa mbaya na mtu anashinda ndani. Huku kwetu Novemba joto ndilo linalomtoa mtu ndani akakae barazani, na vuli ikinyesha, mbu wanamrudisha! Shirika lililokuwa likiuendesha lilitangaza kufunga mwaka 2025, lakini mwezi hauna mwenyewe, atakaye huandika. Shabaha yao ni maneno 50,000, yaani 1,667 kila siku.

Sasa hapo ndipo nilipogundua kwamba mwaka jana nilikuwa nabeba mzigo wa watu. Hayo ni maneno ya Kiingereza. Chukua "hawajatuambia": neno moja tu, na Mwingereza kulisema anahitaji matano. Nikachukua ile barua yako ndefu ya mambo ya shamba, nikahesabu maneno 100, nikayageuza kwa Kiingereza changu cha dukani. Yakafika 140 na ushee. Basi nimejikatia 36,000, sawa na 1,200 kwa siku. Mume wangu anasema natafuta unafuu. Nikamwuliza kama kisado cha mchele na kisado cha pamba vina uzito mmoja. Akaendelea kula.

Wiki nzima nimejipima. Alfajiri, kabla watoto hawajaamka, natoa 500. Foleni ya pantoni na kuvuka, 250 kwenye simu, na jioni wakati wa kurudi 250 nyingine, nimebanwa katikati ya ndoo za samaki wa Feri na pikipiki za watu. (Simu naishika kwa mikono miwili, unajua kwa nini.) Zinabaki 200 za usiku. Umeme ukikatika ninalo betri la kuchajia, na nikimaliza najitumia kila kipande kwa WhatsApp, maana simu ikitumbukia baharini riwaya isiende nayo. Kikoba nimewaambia wanawake wenzangu Novemba hela yangu watapata, mimi hawatanipata.

Hadithi yenyewe nimeitoa dukani. Miaka yote hii nauza kanga Kariakoo, nimeona wanawake wanapindua doti 20 hawatazami rangi wala pindo, wanasoma jina tu, kwa sababu kuna mtu nyumbani wanataka alione. Basi yupo mzee mmoja wa kutunga majina ya kanga, analipwa kwa jina. Siku moja anatunga moja kali, kwa hasira, la kumsema mkewe, akidhani hatajua. Kanga inauzika mji mzima. Mkewe anainunua. Tangu siku hiyo hasemi naye neno. Kila asubuhi anamjibu kwa kuvaa kanga, na zote ni majina aliyoyatunga mzee mwenyewe. Mzee anakaa mezani, anasomeshwa maneno yake.

Mwisho wake siujui. Zamani ningekesha kuutafuta kabla ya kuanza, sasa nimeuacha. Nimenunua kaunta buku, mbele nimeandika majina ya watu na nyumba wanazokaa, nani anamdai nani. Nyuma nimeacha kurasa kumi za makosa: nikikumbuka kwamba shangazi nilimfanya mjane sura ya pili halafu mumewe kaingia kunywa chai sura ya tano, naandika mstari mmoja huko nyuma, nasonga. Kurudi ni Desemba.

Ombi sasa. Kila Ijumaa usiku nitakutumia namba, maneno niliyofikisha. Namba tu. Usiniombe kusoma hata ukurasa mmoja, kwa kuwa ukiusifu nitaanza kuupiga pasi. Ijumaa isipoingia namba, nipigie unigombeze kama ulivyonigombeza mwaka ule nilipotaka kuacha shule.

Halafu lile sanduku la mama, la kanga za zamani. Naomba siku ukipata nafasi ulifungue, utoe moja moja, uniandikie majina yake kama yalivyo, hata yale yaliyofifia nusu. Yale yenye matusi ya kufichwa ndiyo nayahitaji zaidi, usinionee haya. Na mwulize mama kila kanga alimvalia nani. Akikataa kusema, niandikie tu kwamba amekataa, na alikuwa ameshika ipi.

Nisalimie wote hapo Tanga.

Wako,
Somo