Mistari Miwili Uliyoipita Haraka

Dada yangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Barua yako niliipata juzi jioni. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaiweka, nikamaliza kazi zangu, kisha usiku watoto walipolala nikaisoma tena polepole. Nimekawia kujibu kwa sababu swali lako si la kujibiwa mbiombio. Unauliza, "Nitajuaje kama imani yangu ni ya kweli?" Unasema hulii tena ukiomba. Wenzako wakisimama kushuhudia, wewe unainamisha kichwa ukijiuliza kama uliwahi kuokoka kweli, au siku ile ya mkutano ulifuata mkumbo tu.

Sikulaumu kwa kuuliza. Paulo aliwaandikia Wakorintho, "Jijaribuni wenyewe kwamba mmekuwa katika imani." Watu wale walikuwa wanamdai yeye uthibitisho kwamba Kristo anasema ndani yake, naye akawarudishia swali lao wenyewe. Kwa hiyo kujichunguza si utovu wa imani. Kinachonisumbua mimi ni kipimo ulichokishika. Umejipima kwa machozi na joto la moyo, na kipimo hicho kiliwahi kunidanganya mimi vibaya sana.

Habari hii sijawahi kukusimulia. Miaka ile nilipokuwa mweka hazina wa kikundi chetu cha maombi, nilichukua fedha za kikundi za kuwasaidia wajane nikazitumia kwa shida zangu. Nilijiambia nitazirudisha kabla ya mwisho wa mwezi, na kweli nilizirudisha, zote, hata senti haikupungua. Daftari likakaa sawa na hakuna aliyejua. Sasa sikiliza kilichotokea katikati. Wiki ile ile ambayo sanduku lilikuwa tupu, niliongoza mkesha. Niliomba kwa machozi, watu wakalia pamoja nami, na asubuhi mama mmoja akanishika mikono akaniambia kwamba upako ulikuwa juu yangu. Nami niliamini hivyo. Nilirudi nyumbani moyo ukiwaka, na fedha za wajane nimezila.

Tangu siku hiyo siyaamini machozi yangu peke yake. Sisemi kwamba machozi ni uongo. Daudi alilia, Petro alilia, Bwana wetu mwenyewe alilia. Ila joto la moyo hupanda na kushuka kwa mambo mengi: usingizi, afya, habari mbaya iliyoingia asubuhi, hata sauti nzuri ya mwimbishaji. Mtu anayeamka mara tatu usiku kumgeuza mama mkwe wake kitandani, atazitoa wapi nguvu za kulia kwenye maombi ya alfajiri? Umechoka, dada. Uchovu si ukafiri.

Na si machozi tu. Katika Mathayo sura ya 7, wanaokuja mlangoni siku ile wana mambo makubwa kuliko machozi. Wamefanya unabii, wametoa pepo, wamefanya miujiza mingi, na yote kwa jina lake. Jibu wanalolipata linatisha: "Sikuwajua ninyi kamwe." Yakobo naye anasema hata kuamini mafundisho sahihi hakutoshi, kwa sababu "mashetani nao waamini na kutetemeka." Ukiyaweka maneno haya mawili pamoja, unaona kwamba karama si ushahidi, ujuzi wa Maandiko si ushahidi, wala kutetemeka si ushahidi.

Basi kinabaki nini? Nirudi kwenye fedha zile. Nilipozirudisha nilidhani mambo yamekwisha, lakini sikuweza kuomba. Nilipiga magoti, maneno yakaja, yakaishia mdomoni. Ikawa hivyo karibu mwezi mzima. Mwanzoni nilichokiogopa ni kugunduliwa, na hofu ya namna hiyo kila mwizi anayo. Halafu, sijui siku gani hasa, hofu ikageuka. Nikaacha kuogopa kwamba watajua, nikaanza kuumia kwamba Mungu anajua na bado kila asubuhi ananipa pumzi. Nilipofika hapo sikuweza tena kukaa kimya. Nilisimama kwenye kikundi nikasema yote. Wengine waliona sikuwa na haja ya kusema kwa kuwa fedha zilikuwa zimerudi. Wengine waliniangalia kwa jicho ambalo sijalisahau mpaka leo. Sanduku likachukuliwa kwangu, na ilikuwa haki. Usiku ule niliomba kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, maneno machache, bila chozi hata moja, na nilijua ninasikilizwa.

Ndiyo maana habari ya Zakayo, yule mtoza ushuru, naipenda kuliko zamani. Torati, katika Hesabu sura ya 5, ilimtaka mtu aliyemdhulumu mwenzake aungame, arudishe ile mali, na aongeze sehemu ya tano juu yake. Hicho ndicho kilikuwa kiwango. Zakayo hakukitafuta kiwango. Alisema nusu ya mali yake anawapa maskini, na aliyenyang'anywa kitu kwa hila anamrudishia mara nne. Tena angalia kwamba hakuna mahali katika habari ile ambapo Yesu anamdai hata shilingi. Alichomwambia ni kwamba ashuke upesi, kwa kuwa imempasa kushinda nyumbani mwake. Mgeni aliingia, na mkono uliozoea kukusanya ukafunguka wenyewe. Mimi nilirudisha kiasi kile kile ili daftari likae sawa, ndiyo sababu sikupata amani. Nilikuwa natengeneza hesabu, sijatubu bado.

Lakini usije ukafanya kurudisha mali kuwa kipimo kipya, ukajitesa nacho. Yuda naye alirudisha. Alivirudisha vipande 30 vya fedha, tena alikiri kwa kinywa chake kwamba amekosa kwa kuisaliti damu isiyo na hatia. Ukisimama hapo tu, Yuda ametenda zaidi ya Petro, maana Petro, baada ya kumkana Bwana, hatusikii amekiri kwa mtu yeyote usiku ule. Alitoka nje akalia kwa majonzi. Wote wawili walihuzunika, na wote wawili walijua wamefanya nini. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi, na tofauti ninayoiona ni wapi kila mmoja alielekea. Yuda alipeleka dhambi yake kwa makuhani, nao wakamwambia hayo ni mambo yake mwenyewe, kisha akaenda peke yake gizani. Petro, aliposikia kule ziwani kwamba yule aliyesimama ufukweni ni Bwana, hakuweza hata kungoja chombo kifike. Alijitupa majini. Mtu aliyemkana mara tatu, badala ya kujificha nyuma ya wenzake, ndiye aliyewatangulia kumkimbilia.

Kwa hiyo nikiulizwa ushahidi mmoja wa imani iliyo hai, nitasema ni huo. Imani iliyo hai ikianguka, huanguka ikielekea kwa Bwana. Inaweza kukawia kama mimi nilivyokawia. Inaweza kutambaa. Ila haipati raha mahali pengine. Na hata huko kurudi hakukuwa nguvu za Petro, kwa kuwa kabla hajakana aliambiwa, "nimekuombea wewe ili imani yako isitindike, nawe utakapoongoka waimarishe ndugu zako." Aliombewa kabla hajaanguka. Neno hili limenishika mara nyingi usiku, nami nakuomba ulishike.

Utaniambia, "Lakini mimi sijaanguka katika dhambi yoyote kubwa, mimi nimekauka tu." Hapo nakupa Zaburi ya 88, ya Hemani Mwezrahi. Isome ukiwa peke yako. Zaburi nyingi za maombolezo huanza gizani na kumalizia kwa sifa. Hii haimalizii kwa sifa. Inaishia gizani, na hakuna jua linalochomoza. Mtu yule anasema nafsi yake imeshiba taabu, anauliza kwa nini Bwana anamficha uso wake, na halipati jibu. Lakini maneno yake yote hayo anayaelekeza kwa nani? Anamwita "Mungu wa wokovu wangu" katika mstari wa kwanza, kisha anamlilia mchana na usiku. Hana faraja, ila anuani ya maombi yake haijabadilika. Nawe, kwa barua yako mwenyewe, unasema unaamka kuomba na huhisi kitu. Nakuuliza, basi kwa nini unaamka? Aliyekufa haamki kumwita mtu asiyemwona. Yule baba wa kijana mwenye pepo alikuwa na imani na upungufu wa imani kinywani kwa pamoja, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mwanawe akaponywa.

Sasa nifike kwenye kile hasa kilichonifanya nichukue kalamu. Umejaza kurasa tatu kunieleza kwamba huna ushahidi. Halafu mwishoni kabisa, baada ya kuniuliza habari za watoto, umeandika mistari miwili: kwamba umempigia simu wifi yako ukamwomba msamaha, ingawa yeye ndiye aliyeanza, na kwamba sasa anakuja siku za Jumanne kukusaidia kumwogesha mama. Ukaweka nukta, ukaaga.

Dada, mimi naujua ugomvi ule. Najua alichokisema mbele za watu. Najua miaka mliyopita njiani bila kusalimiana, na najua ulivyoniambia kwamba kusamehe utasamehe ila kumpigia simu hutapiga kamwe. Kisha umepiga, na ukaona ni jambo dogo kiasi cha kuliweka chini ya salamu za watoto! Yohana aliandika, "Sisi tunajua ya kuwa tumepita toka mautini kuingia uzimani, kwa maana twawapenda ndugu." Hakusema tunajua kwa sababu mioyo yetu inawaka. Wifi yako akiingia kwako Jumanne na beseni mkononi, barua ya Yohana inasomwa nyumbani mwako.

Na wala sishangai kwamba hukuliona. Katika Mathayo 25, wale walio mkono wa kuume wanashangaa kuambiwa walimlisha Bwana na kumtembelea. Wanauliza ni lini walimwona ana njaa. Hawakuwa wameweka kumbukumbu. Sisi tumezoea kusema kwamba mtu haoni makosa yake mwenyewe, na ni kweli, lakini tunda la Roho nalo mara nyingi huonwa na jirani kabla ya mwenyewe. Ndiyo maana usijichunguze peke yako chumbani usiku wa manane. Waulize wanaoishi nawe. Mumeo atajua kama ulimi wako umepoa kuliko mwaka juzi. Mama mkwe wako, hata kama hasemi sana sasa, anajua mikono yako inamshikaje.

Jambo moja dogo la kuongeza. Udongo mzuri katika mfano wa mpanzi ulizaa tofauti: huu mia, huu sitini, huu thelathini. Bwana hakuuita ule wa thelathini udongo mbovu. Unapowasikia wenzako wakishuhudia mambo makubwa, mshukuru Mungu kwa mia yao, bila kuidharau thelathini yako, na bila kuwachunguza kama mia yao ni ya kweli. Kazi ya kutenganisha ngano na magugu hatukupewa sisi.

Na moyo ukiendelea kukushitaki hata baada ya yote haya, kama ninavyojua utafanya ukiwa umechoka, Yohana huyo huyo anasema Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu, naye anajua yote. Peleka mashitaka huko. Mwambie, "Bwana, nasikia kwamba mimi si wako. Kama ni kweli, nichukue leo. Na kama ni uongo, ninyamazishie." Mimi huomba hivyo hivyo, na sioni haya kukuambia kwamba niliomba hivyo hata mwezi uliopita.

Nitakuja Jumamosi, Mungu akipenda, nilale kwako siku mbili ili upate usingizi. Usiku wa Jumamosi mimi ndiye nitakayeamka kumgeuza mama, wewe ufunge mlango wako ulale. Nionyeshe tu dawa zake ziko wapi na anapenda alazwe upande gani kwanza.

Msalimie mumeo na watoto. Na wifi yako mwambie kwamba namsalimu sana, sana.

Ni mimi dada yako katika Bwana