Mjomba, riwaya yangu naitoa kipande kipande, na naitoa bure

Mjomba, shikamoo.

Najua barua hii utasomewa na binti yako maana wewe simu ni ya kupiga na kupokea tu, basi namuomba asome taratibu asiruke ruke. Nimeiandika hadharani kwa sababu yale uliyoniambia Pasaka pale Vwawa wengi wananiambia pia, wengine kwa upole, wengine wananishangaa tu, nikaona nikikujibu wewe na wao watakuwa wamejibiwa humo humo.

Ulisema kitabu ni kitu chenye mgongo, kinasimama kabatini, na kitu cha bure watu hawakiheshimu. Sikukujibu siku ile maana kulikuwa na wageni na wewe ni mjomba wangu, afu kusema kweli jibu sikuwa nalo. Sasa ninalo, na nimelitoa kwako mwenyewe.

Unakumbuka ile kauntabuku yenye jalada jekundu? Yani mimi nikifumba macho naiona. Gazeti la Jumapili lilikuwa linakufikia Jumatano au Alhamisi, kondakta wa basi anakushushia pale barabarani, ukifika nyumbani kitu cha kwanza unachukua mkasi wa mama mkubwa unakata ile hadithi ya kuendelea, unaibandika kwa uji mzito wa ngano maana gundi ilikuwa ya shule na wewe vya shule ulikuwa hugusi. Jioni tunakaa jikoni, baridi ya Juni ile, unatusomea kipande kimoja tu, ukifika kwenye "itaendelea" unafunga daftari na hakuna wa kukubembeleza. Wiki nzima tunabishana nani kamuua nani. Mwaka ule mvua zilipokata barabara magazeti ya wiki mbili hayakufika, na wewe hukutuambia kwamba hayajafika, ukatusomea tu kama kawaida. Nilikuja kuligundua hilo nikiwa kidato cha pili, nimelifungua daftari nakuta kurasa mbili hazina kipande cha gazeti, zina mwandiko wako wa kalamu ya bluu. Sehemu ya 9 na ya 10 ulizitunga wewe. Na zile ndo tulizipenda kuliko zote, mjomba, mpaka leo dada anazisimulia.

Kwa hiyo hiki ninachotaka kufanya si mambo ya mtandao kama ulivyosema. Ni kauntabuku ile ile.

Hadithi yenyewe unaijua mbegu yake. Ulitupeleka Ndolezi kukiona kimondo, tumekaa nyuma ya pikapu juu ya mifuko ya mbolea, ukatuambia hiki ni chuma, karibu asilimia 90 chuma na kilichobaki nikeli kwa sehemu kubwa, afu ukatoa sarafu mfukoni ukakigonga na kikalia kama kengele iliyofunikwa na blanketi. Nilikigusa, kilikuwa cha baridi sana. Ukatuonyesha pale palipokatwa na msumeno na watu waliotaka kipande cha kwenda kupima. Afu nikakuuliza shimo lake liko wapi, maana kitu kikubwa hivyo, urefu wake karibu mita tatu, kikitoka juu lazima kichimbe. Ukasema shimo halipo, labda kimeanguka zamani mno mpaka ardhi ikajifunika, labda kiliviringika kutoka kilipoangukia, wataalamu wenyewe wanabishana. Miaka yote hiyo mimi nimekaa na hilo neno moja, shimo halipo. Riwaya yangu inaanzia hapo: kama hakikuanguka basi kiliwekwa, na aliyekiweka anarudi kukichukua mwaka 2086, wakati mibuni ya Mbozi imeshakimbia joto imepanda mpaka kwenye vilele, na treni za TAZARA zinapita Iyunga usiku bila dereva.

Imenichukua miaka saba. Nimeiandika pale kibandani kwangu cha pesa za simu, Kabwe hapa Mbeya, mteja akija natoa pesa au naweka, akiondoka narudi kwenye aya. Mchapishaji mmoja alikaa na mswada miezi kumi na moja akanijibu kwa mstari mmoja kwamba mambo ya anga kwa Kiswahili hayana soko, niandike mapenzi au kitabu cha ziada cha shule. Mwingine alinipigia simu, sauti nzuri kabisa, akaniambia nilete milioni 3 anitolee nakala 500, kuziuza ni juu yangu. Hilo nisilizungumzie sana.

Nataka nikuambie kuhusu mama mmoja anayeuza parachichi jirani na kibanda changu. Mwezi wa pili nilimtumia sura tatu za mwanzo kwenye WhatsApp, sikumwambia ni za nani. Simu yake kioo kimepasuka kama utando wa buibui hivyo mwanae wa darasa la sita ndo alikuwa anamsomea usiku. Siku ya tatu kaja asubuhi hata meza hajapanga, ananiuliza, "Yule binti alivyolishika lile jiwe, mkono uliungua au haukuungua? Maana mwanangu anasema uliungua, mimi nasema lile ni la baridi." Mjomba, nilikaa kimya. Miaka saba na sikuwahi kuandika mkono ulipata nini! Nimeandika mwanga, nimeandika sauti, nimeandika mbuzi waliokimbia, mkono nimeusahau. Usiku ule niliandika aya mbili kuhusu ile baridi ya Ndolezi na sasa naona sura nzima inasimama juu ya hizo aya mbili. Kesho yake mama akaniambia, "Leta mwendelezo basi, usituache na arosto."

Ndo maana siwezi kuendelea kusubiri kabati. Yupo mwandishi wa Marekani, Andy Weir, alitoa riwaya yake ya mtu aliyeachwa peke yake kwenye sayari ya Mars, sura moja moja, bure, kwenye tovuti yake mwenyewe, na wasomaji wanaojua kemia wakawa wanamsahihisha hesabu zake njiani. Mwaka 2011 wakamuomba aiweke yote pamoja waweze kuisoma vizuri kwenye vifaa vyao, na mwaka 2014 ikatoka kitabu cha karatasi, chenye mgongo kabisa. Sisemi na mimi itakuwa hivyo. Nasema wale watu wa kemia mimi nawahitaji, na huku kwetu nawahitaji wa kahawa, wa reli, na mwalimu mstaafu mmoja wa Vwawa.

Kuhusu kuibiwa. Hilo ulilisema kwa uchungu na una haki, watu wananakili simulizi wanafuta jina la mtunzi wanaweka la kwao, nimeona kwa macho. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi kuanzia pale kazi inapoandikwa, maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, lakini sheria kuwepo ni kitu kimoja na kumpata mwizi ni kingine, najua. Nimeuweka mswada wote kwenye imeili yangu ili tarehe ionekane, na jina langu litakuwa mwanzo na mwisho wa kila sehemu. Zaidi ya hapo nimekubali. Pia kuna mashindano yanayotaka mswada ambao haujawahi kutoka popote, huo mlango naufunga kwa mkono wangu mwenyewe na limeniuma, nisikufiche.

Wenzangu wengi wanatoa sehemu kumi bure afu inayobaki unalipia, full stori buku mbili. Siwalaumu hata kidogo, wanalisha familia. Ila wao wanaandika vitu ambavyo msomaji tayari anavijua na anavitaka, mimi namletea mtu kitu ambacho hajawahi kukisoma kwa lugha yake, siwezi kumsimamisha katikati namdai nauli. Itakuwa bure mpaka mwisho. Na ni maandishi matupu, sehemu moja maneno kama 1,400, ni kama sehemu ya mia tu ya MB moja, mwenye bando la kuungaunga atasoma. Nimezikata sura 31 zikawa sehemu 46, Jumanne na Ijumaa saa mbili usiku, kuanzia wiki ya kwanza ya Julai, kabla ya Krismasi imeisha. Zote zimeshaandikwa. Sitaki kuwa kama wale wanaoandika "itaendelea" wakapotea moja kwa moja, hiyo kwangu ni kumvunjia msomaji heshima. Mwishoni nitaandikisha wanaotaka ya karatasi, wakifika 200 nachapisha, na kila nakala itakuwa na mwenyewe kabla haijatoka kiwandani.

Sasa ombi langu. Sehemu ya 17 wazee wa Ndolezi wanakaa usiku kujadili kama kimondo wakitoe au wakizuie, na wanavyoongea kwenye mswada wangu wanaongea kama watu wa redioni. Wewe umekaa kwenye vikao vile. Nimeprinti sehemu zote hapa stationery ya Mwanjelwa, upande mmoja tu wa karatasi ili zikatike na kubandikwa, zinakuja kesho na basi la asubuhi, kondakta nimempa namba ya binti yako. Humo ndani kuna mkasi, gundi, na kauntabuku ya kwaya tatu, jekundu nimelikosa, nimepata la kijani. Sehemu ya 17 sijaiweka. Kurasa zake nimeziacha wazi, na kalamu ya bluu imo.