Barua ya wazi kwa mwenye funguo za magofu yetu

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima zote. Wewe ndiye uliyekabidhiwa dhamana ya malikale, na majuzi nilikusikia redioni ukituhimiza tufanye utalii wa ndani, tusiwaachie Wazungu peke yao. Tukakutii. Jumapili iliyopita mimi, mume wangu, watoto na mama mkwe na goti lake bovu tuligombania daladala kutoka Mbagala hadi kwenye magofu. Sitayataja ni yapi, maana mlinzi wa zamu ni kijana muungwana, sitaki kumponza.

Geti lilikuwa na kufuli. Kijana akatueleza kwa aibu kwamba kiingilio hakipokelewi taslimu, mpaka upewe namba ya malipo, na mtoa namba haji wikiendi. "Rudini Jumatatu, saa za kazi." Jumatatu, Mheshimiwa! Siku hiyo watoto wako darasani wanafundishwa Historia ya Tanzania na Maadili, na mimi niko gengeni kwangu, kwa sababu nisipouza nyanya hatuli. Sasa huo utalii wa ndani ni wa nani, wa wastaafu?

Tukachungulia kwenye uzio. Kuta za matumbawe na chokaa, mti umeota juu ya ukuta wa msikiti, na kaburi moja lenye nguzo. Binti yangu akauliza mbona nguzo ina vishimo vya duara. Aliyemjibu ni bibi yake, mtu wa pwani hii: palipachikwa bakuli za Kichina kwa urembo, kama kwenye makaburi ya Kunduchi, watu wakazibandua. Kibao cha maelezo kilikuwepo, ila jua limeshalamba maandishi yote.

Sheria ya Malikale tunayo tangu mwaka 1964. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 1981, mwaka 2004 yakatangazwa kuwa hatarini, na yalikaa kwenye orodha hiyo miaka kumi. Nilidhani tulijifunza kitu. Labda ni bajeti. Labda ni kurushiana mpira, kila ofisi ikidhani ufunguo uko kwa mwenzake. Ya huko ofisini siyajui, ninachojua ni nauli ya familia nzima kwenda na kurudi, na mama mkwe aliyekaa juu ya jiwe juani kwa kuwa benchi liko ndani ya geti.

Tuliishia ufukweni na mihogo na pweza. Bahari haikutudai namba ya malipo, ingawa pale napo uzio wa hoteli umeteremka karibu na maji, wakati sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60. Hilo ni la mwenzako, naye nitamwandikia.

Siombi makumbusho wala lami. Naomba mtu mwenye ufunguo, Jumamosi na Jumapili. Kama shida ni mfumo, mfundisheni yule kijana kutoa hiyo namba. Simu anayo, nimeiona. Kibao hata kikibaki hivyo hivyo tutavumilia, bibi yupo. Ufunguo tu, Mheshimiwa. Binti yangu kila siku ananiuliza tutaingia lini, na nimemwambia jibu liko kwako.

Mama wa genge,
Mbagala, Dar es Salaam