Barua kwa wanangu mnaopanda Marangu kila Krismasi

Wanangu, wakwe zangu, na ninyi vijana wote wenye watoto wadogo mnaorudi mlimani Kilimanjaro Desemba,

Nawaandikia mapema, vuli ikiwa bado inanyesha na shule hazijafungwa, mpate muda wa kulifikiria hili kabla hamjafunga mizigo. Kuna jambo nililiona Krismasi iliyopita nikanyamaza. Nyumba ilijaa wageni, na mama hamkemei mkwe mbele za watu. Nimelibeba tangu siku ile, sasa nalitua.

Mlifika tarehe 23 usiku. Sikulala mpaka niliposikia geti, maana kutoka Dar hadi hapa ni zaidi ya kilomita 500, na ziko nyumba huku kwetu zilizowahi kupokea jeneza Desemba badala ya wageni. Tarehe 24 asubuhi, mtori ukiwa bado jikoni, mkaondoka kwenda Chemka. Tarehe 25 tukaenda kanisani, mkarudi, watoto wakajifungia kwenye magari na vishikwambi vyao kwa sababu uani kuna tope. Tarehe 26 Ziwa Chala. Tarehe 27, jua halijatoka, mkashuka.

Sigombani na matembezi. Chemka ni pazuri, maji yanabubujika chini ya mikuyu, safi mpaka unaona mizizi, na mtoto aliyezoea kuoga maji ya ndoo mjini ana haki ya kuyachezea. Chala nayo waione, shimo la volkano lililojaa maji, nusu letu nusu la Kenya. Ila Kinukamori, maporomoko yaliyo hapa hapa Marangu, ni nani kati yenu amewahi kumpeleka mtoto kwa miguu?

Watu wa mikoa mingine husema Desemba Wachaga wanakwenda kuhesabiwa. Wao wanatania, mimi nawahesabu kweli. Nakaa mlangoni nahesabu nani amekuja, nani amekonda, nani amekuja bila mke wake na hasemi kwa nini. Mwaka jana nilihesabu watu 31 na magari 8. Watoto walikuwa 14, na kati yao ni mmoja tu ninayeweza kusema namfahamu.

Huyo mmoja ni binti wa miaka 7. Tumbo lilimsumbua safarini, kwa hiyo siku ya Chemka mlimwacha nami. Mliniomba radhi kana kwamba mmenitwisha mzigo. Kumbe mlinipa Krismasi yangu.

Alikunywa uji, akakaa kwenye kigoda, akaniuliza kama kuna intaneti. Nikamwambia twende migombani. Huko nikamfundisha kuchagua jani kavu: usichukue lililoanguka likaoza, chukua lile ambalo bado linaning'inia kwenye shina, la kahawia, ambalo ukilikunja halivunjiki. Tukayalowesha kidogo kwa maji ya mfereji, tukayachana. Kwanza tukasokota ngata. Akajitwika mzigo mdogo wa majani ya ng'ombe, akatoka nao kihambani, shamba letu la ukoo linalozunguka nyumba, hadi bandani. Ulimwanguka mara nne. Mara ya tano akafika, mikono ameiachia, akasimama pale bandani hataki kuutua.

Kisha tukatengeneza mdoli. Unakunja fungu la majani katikati, unafunga shingo kwa kamba ya mgomba, unapitisha fungu jembamba liwe mikono, unafunga kiuno, yaliyobaki chini yanakuwa gauni. Shingo ilimsumbua. Alifunga, ikalegea, akafungua, akafunga tena, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo kama baba yake alivyokuwa akiandika darasa la kwanza. Hakuomba nimsaidie. Na mikono ilipopata kazi, mdomo ukafunguka. Kwa nini ng'ombe hatoki bandani? Kwa nini babu amezikwa hapa kihambani na si makaburini? Haya majani marefu ya mpakani ni ya nini? Nikamwambia ni masale, na kwamba ukimkosea mtu ukamwendea na jani la masale mkononi, hawezi kukunyima msamaha. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama anaweza kuchukua moja ampelekee kaka yake.

Alfajiri ya tarehe 27 alipanda garini na mdoli wake. Mama yake akamshika yule mdoli kwa vidole viwili, akasema, "Uchafu huo, una wadudu," akamtupa kwenye mibuni. Mtoto hakulia. Alinitazama mimi, akisubiri niseme neno. Sikusema. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mkwe wangu, sikuandikii nikuaibishe. Najua unavyompenda mwanao. Usiku ule aliougua hukufumba jicho. Wala si wewe peke yako, ninyi nyote mna ugonjwa huo wa kuona vya kihambani ni uchafu. Kwenye buti za magari mlileta midoli ya plastiki, mmoja unaimba. Mitatu ilisahaulika hapa, na tangu mwaka jana hakuna mtoto hata mmoja aliyeulizia. Kitu ambacho mtoto amekifungua kwenye boksi anakichoka baada ya siku mbili. Kitu kilichomshinda mara sita kabla hakijasimama, hicho atakitafuta gizani.

Waulizeni waume zenu walicheza na nini. Magari ya mgomba, magurudumu ya malapa mabovu, walishindana nayo kwenye mteremko wa kanisa hadi kengele ya jioni. Mpira ulikuwa majani makavu yaliyofungwa kwa kamba, ukilowa unakuwa mzito kama jiwe na bado waliupiga. Yule aliyekuwa hodari wa kuifunga mipira ile leo ni daktari wa upasuaji, na ameniambia kwa mdomo wake kwamba vidole vyake vilianza shule hapa.

Na hapo si mchezo tu. Mtoto anayetafuta jani la kufungia mdoli atajua mgomba gani ni wa pombe ya mbege na upi ni wa supu ya mtori. Ataona mgomba umesimama juu ya mbuni, chini kuna magimbi, juu ya vyote kuna miti mikubwa, ng'ombe anakula majani na samadi yake inarudi migombani, na mfereji uliochimbwa na wazee ambao hatukuwaona unapita katikati. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliuweka mfumo huu wa vihamba, kule Shimbwe Juu, katika urithi wa kilimo wa dunia. Watalii wanalipa waonyeshwe kahawa inavyotwangwa kwenye kinu na kukaangwa. Wajukuu wenye mibuni yao wako ndani ya gari, vioo vimepandishwa.

Sasa niseme la kwetu wazee, maana sitaki mdhani nawatupia ninyi lawama zote. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mtoto akichelewa, nilimpa jembe akalime. Akipiga kelele, akazoe samadi. Akiongea Kichaga darasani, vilevile. Na kila aliyefeli nilimwambia utabaki kihambani. Wenzangu walifanya hivyo, na wazazi wakatushukuru. Tuliufanya udongo kuwa adhabu kwa kizazi kizima, na kizazi hicho ndicho ninyi. Basi mnapomwambia mtoto asiguse tope, nasikia sauti yangu mwenyewe. Naomba mnisamehe. Ningekuwa nanyi hapa ningeshika masale.

Lakini msiendeleze kosa langu. Tazameni kijiji kilivyo sasa: majumba ya ghorofa yanayokaliwa siku tano kwa mwaka, mlinzi na mbwa ndani, na upande wa pili wa ukuta bibi kizee hana wa kumchotea maji. Tunashindana kwa mageti. Mibuni inang'olewa, na vijana waliobaki hawana wa kuwaonyesha kwamba kazi ya mikono ina heshima, kwa sababu wanaowaonea wivu ni ninyi, na ninyi mnashuka garini mkiangalia viatu.

Mengine nayataja tu. Watoto watoe shikamoo kwa kila mtu mzima, hata yule mlevi wa njiani. Wapelekwe kwa shangazi zao wa Mamba na Kilema, hata kama huko hakuna soda. Wajue japo maneno kumi ya Kichaga, waanze na aika, yaani asante. Mbuzi akichinjwa wawepo, waone kila kiungo kinavyokwenda kwa mwenyewe. Makaburi wayafagie wao, na majina wayasome kwa sauti. Dada wa kazi naye ana kwao, mpeni likizo yake na nauli. Mbege iachwe mapema, baba aweze kumbeba mwanawe kitandani bila kuyumba. Na msisafiri usiku.

Ninachoomba mwaka huu ni siku mbili nzima. Chagueni wenyewe, iwe 24 na 26 au kabla ya hapo. Chemka nendeni siku nyingine. Siku hizo mbili vishikwambi vitakaa kabatini kwangu, ufunguo ninao mimi. Leteni nguo kuukuu na kandambili. Ninyi wazazi msikae barazani kuwapiga picha. Kaeni chini nao, maana wengi wenu mmesahau hata kusokota ngata, nimewachunguza. Wavulana nitawatafutia visu vidogo na malapa mabovu, na babu yao mdogo amekubali kusimamia magari. Wasichana wakitaka magari wafanye magari. Wakijikata kidogo kidoleni, nina plasta. Na mtu asiniambie mtoto wake hawezi kukaa bila katuni. Nimefundisha watoto miaka 34, sijakutana na asiyeweza akipewa kazi inayomtosha.

Mkwe wangu, wewe nakuomba ukae karibu yangu. Nitakufundisha shingo, ndiyo ngumu.

Yule mdoli nilimwokota siku ileile, gari lilipopinda kona. Yuko juu ya dirisha la jikoni, moshi umemkausha vizuri na hana mdudu hata mmoja. Kiuno kimeanza kulegea. Sijakikaza. Mwambieni mwenyewe anamsubiri, na kamba za mgomba nimeshazitundika darini.

Mama yenu na bibi yao,
Marangu